Mchoro wa Bure Una Mwenyewe

Fundi Taratibu alikuwa na tabia ya kuongea na cherehani. Akishika bisibisi, anasema, "Taratibu, mama, taratibu." Skrubu ikikataa kutoka, anaibembeleza. Watu wakampa jina hilo, na yeye akalipenda kuliko lile la kuzaliwa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani zilizoharibika. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Meza yake ilikuwa upande mmoja, imejaa mafuta, mikanda na bobini kuukuu. Upande wa pili, karibu na dirisha, alikaa mkewe na cherehani yake. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Wateja walimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo zake hazikuwahi kufumuka.

Siku zote hao wawili walifanya kazi huku wakitaniana. Kisha Bi Pindo akapata kiharusi. Alitibiwa, akapona, akatembea tena. Lakini mkono wake wa kulia ulibaki mzito.

Aliyewahi kushona anajua shida yake ilikuwa wapi. Kwenye cherehani kuna kimguu cha chuma kinachobana kitambaa. Ukitaka kugeuza kitambaa kwenye kona, lazima uinue kimguu hicho kwa mkono. Mkono wa pili unashika kitambaa kisihame.

"Sasa mimi mkono wangu mmoja ukiinua kimguu, nani ashike kitambaa?" Bi Pindo aliuliza. "Nishike kwa meno?"

Alisema kwa utani, lakini mumewe aliona macho yake. Wateja walianza kupungua. Bi Pindo alianza kukaa dirishani bila kazi, akitazama barabara.

Sasa, Fundi Taratibu alikuwa na kitu chake cha kujifurahisha. Binti yao, anayefanya kazi mbali, alikuwa amemletea printa ya vitu. Hii si printa ya karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kamili kinasimama mezani. Leo inatoa kishikio cha kabati, kesho gurudumu dogo la cherehani. Lakini haiwezi kujitungia. Inahitaji mchoro, na mchoro huo ni faili la kompyuta.

Watu wengi duniani huchora vitu vyao na kuweka mafaili hayo kwenye tovuti ya kugawana michoro. Mwingine anayachukua, anayachapa nyumbani kwake. Katika tovuti hiyo Fundi alikuta mchoro wa kinyanyuo cha goti. Ni mkono mdogo unaofungwa chini ya meza. Mshonaji anausukuma kwa goti, na kimguu kinainuka. Mikono yote inabaki huru. Aliyeuchora alijiita Mkono wa Bati.

Mchoro ule ulikuwa wa cherehani ya aina nyingine. Fundi akapima cherehani ya mkewe, akabadilisha huku na kule, akachapa. Bi Pindo akajaribu.

"Kiko juu mno. Mimi nina goti la binadamu, si la twiga."

Akapunguza, akachapa tena.

"Sasa kinanigonga mfupa."

Akakunja kidogo, akachapa tena. Safari hii Bi Pindo alisukuma goti, kimguu kikainuka. Akageuza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Akashona kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne alisimamisha cherehani, akafunika uso kwa kile kitambaa, akalia. Fundi naye alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Furaha kama hiyo mtu hawezi kukaa nayo peke yake. Fundi akaamua kuweka mchoro wake mtandaoni, wengine nao wafaidi. Kwa nia yake hakuna wa kumlaumu. Lakini kabla ya kuuweka alifanya mambo mawili, moja kwa kufikiri na moja kwa kutofikiri.

Mwalimu aliyemfunza ufundi alikuwa na kanuni yake. Ukichonga kipuri cha mashine ya watu, kipige chapa ya mashine hiyo, asije fundi mwingine akakifunga pasipo pake. Fundi Taratibu aliishi kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo alichora nembo ya kampuni ya cherehani juu ya kinyanyuo, herufi zimeinuka vizuri. Aliona huo ndio uungwana.

Na jina la Mkono wa Bati? Hilo hakuliandika popote. Chini ya mchoro wa kwanza kulikuwa na maandishi madogo ya masharti. Fundi aliyapita. Tusimcheke, kwa maana wengi wetu tunabonyeza "Nakubali" na kuendelea na safari.

Sifa zikaanza kumiminika. Watu waliandika, "Hongera Fundi! Umebuni kitu kikubwa!" Naye alimsomea mkewe kila sifa, wakati mwingine mara mbili.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," Bi Pindo alimwambia. "Kunywa chai yako."

Kati ya walioandika alikuwepo mshonaji mmoja wa mji wa mbali, anaitwa Mama Pacha. Mkono wake mmoja ulikuwa umekatwa baada ya ajali. Cherehani yake ilikuwa ya aina ileile ya Bi Pindo. Aliomba namba ya simu, na wale wanawake wawili wakawa marafiki wa simu. Walizungumza juu ya mikono yao kama watu wanaowazungumzia watoto watundu.

"Dada, hapa kwetu kuna chuo cha ufundi chenye printa hiyo," Mama Pacha alisema. "Mwalimu wao amekubali kunichapia. Nitakwenda wiki ijayo. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, hata nikafikiria kuuza cherehani, ila kwa hicho kinyanyuo nasubiri kwanza."

Wiki iliyofuata Mama Pacha alikwenda chuoni. Mwalimu akafungua tovuti. Mchoro haukuwepo.

Siku hiyohiyo Fundi Taratibu alifungua ukurasa wake na kukuta taarifa kutoka kwa wenye tovuti. Mchoro umeondolewa kwa sababu yamekuja malalamiko mawili. La kwanza lilitoka kwa kampuni ya cherehani: nembo yao imetumika bila ruhusa. La pili lilitoka kwa Mkono wa Bati. Lilikuwa fupi.

"Mimi sikuuza. Niligawa. Nilichoomba ni jina litajwe. Hata hilo ni zito?"

Fundi alisukuma kompyuta kando.

"Unaona, mama? Unaona watu? Mimi nimegawa kitu bure, sijamdai mtu hata senti, wananiita mwizi! Asante ya punda ni mateke!"

"Nani amekuita mwizi?" Bi Pindo aliuliza. "Nisomee tena."

"Sisomi! Na sigawi tena. Naifunga na printa yenyewe."

Akafuta michoro yake yote aliyokuwa ameiweka kwenye tovuti. Kishikio cha kabati, gurudumu, vyote. Kisha akafunika printa kwa shuka. Taratibu hakuwa taratibu siku hiyo.

Bi Pindo alimwacha apoe. Lakini mawazo yake yalikuwa kwa Mama Pacha. Faili lilikuwa bado kwenye kompyuta ya nyumbani. Asubuhi, mumewe alipotoka kununua mkanda wa cherehani ya mteja, Bi Pindo alilituma kwa rafiki yake kwa simu. Aliona, kama wengi wangeona, kwamba kumpa rafiki mmoja faraghani si kosa.

Mchana Mama Pacha alipiga.

"Dada, mwalimu amekataa. Anasema hawezi kuchapa kitu chenye nembo ya kampuni ya watu. Anasema tena faili halina masharti. Hajui ni la nani wala ameruhusiwa nini. Chuo kikipata kesi, yeye ndiye atakayejibu."

"Mwambie ni la mume wangu."

"Nimemwambia. Anasema, mbona anajua mtu mwingine aliyechora kinachofanana? Basi, dada. Mungu akulipe kwa moyo wako. Kuna mtu alikuwa anaitaka cherehani yangu. Nimemwambia aje Jumamosi kuichukua. Haina maana niwe naitazama tu."

Bi Pindo aliweka simu mezani. Alijua vizuri sana maana ya kuitazama cherehani. Mumewe aliporudi, alimweleza yote bila kuficha, hata kwamba alituma faili.

"Mwanamke mwenzangu anauza mkono wake wa mwisho," alisema. "Wewe umefunika printa kwa shuka langu zuri. Nimekaa nikajiuliza, kati yetu ni nani anayejua sheria hizi? Hakuna. Kuuliza si ujinga. Nimempigia mdogo wangu."

Mdogo wake Bi Pindo alikuwa wakili. Kazi yake ya kila siku ilikuwa mambo ya hakimiliki na alama za biashara. Kwa Fundi alikuwa shemeji, na mashemeji hao hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana. Alifika jioni, mkoba begani.

"Hodi wenye nyumba! Shemeji, nasikia umekuwa mhalifu wa kimataifa."

"Karibu," Fundi alijibu kwa unyonge. "Kama umekuja kunifunga, ningojee nivae viatu."

"Viatu vyenyewe hivyo? Jela watavikataa." Wakili alicheka, akavuta kiti. "Haya, nionyeshe kitu chenyewe. Mimi printa hizi sizijui. Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza."

Fundi alimweleza. Alipoanza kueleza, hasira ilipungua kidogo, maana alikipenda kitu chake. Wakili alikigeuza kinyanyuo mkononi. Akagusa herufi zilizoinuka.

"Hii nembo uliiweka ya nini?"

"Kwa heshima. Ndivyo tulivyofundishwa. Kipuri cha mashine yao, kina chapa yao."

Wakili alimgeukia Bi Pindo.

"Dada, ukikuta gauni sokoni mshono umeachia, na ndani limeshonewa kitambaa kimeandikwa 'Bi Pindo', utafanyaje?"

"Nitamtafuta aliyelishona nimfumue yeye!"

"Hata kama anasema aliweka jina lako kwa heshima?"

"Heshima gani hiyo ya kunichafua? Watu watasema ni kazi yangu!"

"Basi ndivyo kampuni inavyosema," Wakili alisema. "Kule karakana kwenu, shemeji, chapa ilikuwa alama kati ya mafundi wanaojuana. Mtandaoni hakuna anayekujua. Mtu akiona nembo, anaamini kampuni ndiyo iliyotengeneza na ndiyo itakayojibu kikivunjika. Nembo ni alama ya biashara. Ina mwenyewe, na sheria inamlinda."

"Sasa watu watajuaje kinafungwa kwenye cherehani gani?"

"Andika kwa maneno, kwenye maelezo. Sema kinafaa cherehani ya aina fulani. Sema pia wazi kwamba kampuni hiyo haikukitengeneza wala haihusiki. Kwa kawaida kusema ukweli hivyo kunaruhusiwa. Kuvaa nembo yao ndiko kunakoleta kesi."

Fundi alikuna kidevu. Mazoea yana tabu. Jambo aliloliona uungwana maisha yake yote, leo anaambiwa ni kosa.

"Hilo nimelielewa," alisema polepole. "Nitaifuta. Lakini huyu Mkono wa Bati! Yeye ameweka mchoro wake bure mbele ya dunia nzima. Bure ni bure."

"Bure si holela," Wakili alisema. "Fungua ukurasa wake. Soma hayo maandishi madogo. Kwa sauti, shemeji, sote tusikie."

Fundi alivaa miwani. Akasoma. Mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia mchoro huu, kuubadilisha na kuwapa wengine. Asiuuze. Amtaje mchoraji wa kwanza. Aeleze alichobadilisha. Naye akiugawa, augawe kwa masharti hayahaya.

Alipomaliza, alirudi akasoma tena ule mstari wa kumtaja mchoraji.

"Mtu akichora kitu kwa akili yake, mchoro ni wake," Wakili alieleza. "Hiyo ndiyo hakimiliki. Haimlazimu kuandika popote kwamba anakataza. Kuukuta mtandaoni si ruhusa. Ruhusa inatoka kwake, na yeye amekupa, tena ruhusa kubwa. Ameweka masharti tu. Ruhusa yenye masharti inaitwa leseni. Ukiyavunja masharti, ni kama hukupewa ruhusa."

"Na mchoro usio na maandishi yoyote?" Bi Pindo aliuliza.

"Huo ndio mbaya kuliko yote, dada. Watu hudhani ukiwa hauna masharti uko huru. La. Ukiwa hauna neno, hujapewa kitu. Muulize mwenyewe kwanza. Ndiyo sababu yule mwalimu wa chuo alikataa faili lako. Alifanya vizuri. Na kulituma kwa simu hakubadilishi jambo. Kosa likipitia mlango wa nyuma bado ni kosa."

"Mimi nilidhani siri ya watu wawili..."

"Nimekusamehe kwa sababu wewe ni dada yangu."

Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama lile lalamiko fupi kwenye kompyuta. *Niligawa. Nilichoomba ni jina.*

"Watu waliniandikia, 'Hongera Fundi, umebuni,'" alisema. "Nami nikapokea. Sikumwambia hata mmoja kwamba kuna mtu aliyenitangulia. Mama watoto, nimemwibia mtu asiyeuza."

Bi Pindo alimwekea mkono begani, ule mzito.

"Vyaelea vimeundwa," alisema. "Hata mimi sikujiuliza kilitoka wapi. Nilifurahi tu. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Toa shuka langu hapo, tufanye kazi."

Wakili alikuwa na swali moja zaidi. "Vipimo vya cherehani ulivipata wapi? Ulichukua mchoro wa kampuni?"

"Nilipima mwenyewe, kwa kipimio changu cha chuma."

"Vizuri. Mchoro wao ungekuwa na hakimiliki yao. Kuna jambo lingine, linaitwa hataza. Ni haki anayopewa mtu aliyevumbua namna mpya ya kitu kufanya kazi. Ikiwa hai, hata ukichora mwenyewe bado unahitaji ruhusa. Lakini ina miaka yake, ikiisha wazo linakuwa la wote. Na umbo la kitu nalo linaweza kusajiliwa. Nitaangalia kwenye daftari la usajili kesho. Usiweke kitu mtandaoni kabla sijakupigia."

"Na kama sitaki kungoja?"

"Basi vaa vile viatu."

Baada ya shemeji yake kuondoka, Fundi alikaa mbele ya kompyuta kumwandikia Mkono wa Bati. Aliandika mistari mingi. Alieleza habari za mwalimu wake wa zamani, habari za kiharusi, habari za maandishi kuwa madogo. Bi Pindo alisoma, akatikisa kichwa.

"Hapa umeomba radhi mara moja na kujitetea mara tano. Futa."

Akafuta. Ikabaki hivi:

"Ndugu, nilitumia mchoro wako na sikukutaja. Nilikosa. Sikusoma masharti, na hilo si la kukulaumu wewe. Mchoro wako umemrudisha mke wangu kwenye cherehani. Ukiniruhusu, nitauweka tena kwa namna uliyoomba. Ukikataa, nitaheshimu. Fundi Taratibu."

"Lakini shemeji yako amesema leseni inakuruhusu ukifuata masharti," Bi Pindo alikumbusha. "Huna haja ya kumwomba."

"Sheria hainilazimu," Fundi alisema. "Nataka tu."

Kesho yake Wakili alipiga simu kutoka kazini. Kinyanyuo cha goti, alisema, ni wazo la zamani. Ametafuta, hajaona hataza inayoishi juu yake, wala umbo lililosajiliwa linalofanana na lake. "Kutafuta kwangu si kiapo, shemeji. Sheria za nchi hazifanani, na mimi si malaika. Lakini umefanya alichopaswa kufanya mtu mwangalifu. Ukipata lalamiko tena, usifute vitu kwa hasira. Soma. Kama umekosa, rekebisha. Kama umeonewa, tovuti hizo zina nafasi ya kujibu. Ijibu."

Jibu la Mkono wa Bati lilikuja mchana huohuo. Fundi alimwita mkewe walisome pamoja.

"Fundi, asante kwa kuandika. Nilikasirika, na nataka ujue kwa nini. Mkono wa Bati si jina langu. Ni jina walilomwita baba yangu. Alikuwa mshonaji. Alipoteza mkono, akatengenezewa mwingine wa chuma, na watoto wa mtaani wakambandika jina hilo. Akalikubali. Kinyanyuo nilikichora kwa ajili yake. Alishona nacho mpaka mwisho wake. Sasa hayupo. Niliweka jina lake kwenye mchoro ili kila unapokwenda, liende nao. Ulipoliondoa, niliona kama umemtoa baba yangu kwenye cherehani yake. Lirudishe, basi. Na umsalimie mkeo."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alitamani kumwomba radhi yule mzee mwenyewe, na haikuwezekana tena.

Kisha akafanya kazi. Aliifuta nembo kwenye mchoro. Pale palipokuwa na herufi za kampuni, aliacha plastiki tupu. Katika maelezo, mstari wa kwanza kabisa, aliandika kwamba mchoro huu umetokana na kazi ya Mkono wa Bati, na akaweka njia ya kuufikia ule wa kwanza. Akaeleza alichobadilisha. Akataja aina ya cherehani kwa maneno, na kwamba kampuni haihusiki. Akaweka leseni ileile. Mwisho akaandika: "Umebadilishwa na Fundi Taratibu."

"Na Fundi Taratibu peke yake?" Bi Pindo aliuliza nyuma yake.

"Sasa nani mwingine?"

"Goti lililokuambia kiko juu mno lilikuwa la nani? La jirani?"

Fundi aligeuka akamtazama. Aliona kwamba hatanii sana. Akaandika: "Umebadilishwa na Fundi Taratibu na kupimwa na kusahihishwa na Bi Pindo." Mkewe alisoma, akarudi kwenye cherehani yake akiimba kwa sauti ya chini.

Ijumaa mchoro ulirudi mtandaoni. Mwalimu wa chuo aliusoma, masharti yote, akaridhika. Akauchapa. Bi Pindo aliambiwa hivyo kwa ujumbe mfupi, kisha simu ya Mama Pacha ikawa haipatikani.

Jumamosi asubuhi Bi Pindo hakuweza kushona. Alipiga, haipatikani. Akapika, akaunguza. Alikuwa na hofu ya wazi: kitu kimefungwa vibaya, au kimevunjika, na mnunuzi ameshafika.

"Taratibu, mama," Fundi alimwambia.

"Usiniambie taratibu! Mimi si cherehani!"

Simu ililia kabla ya adhuhuri. Bi Pindo aliiweka sauti kubwa. Kitu cha kwanza walichosikia hakikuwa maneno. Ilikuwa cherehani inakimbia, inasimama, kimguu kinainuka kwa mlio wake mdogo, inakimbia tena.

"Unasikia, dada?" Mama Pacha alipiga kelele juu ya mlio ule. "Unasikia?"

"Nasikia, mwenzangu! Nasikia!"

"Jana umeme ulikatika, simu ikazima. Mnunuzi amekuja. Amenikuta nashona. Nikamwambia, samahani baba, hii haiuzwi, lakini naona mfuko wa koti lako umechanika. Ameondoka na koti zima, na cherehani imebaki!"

Wote watatu walicheka mpaka Fundi akakohoa. Mama Pacha akasimamisha cherehani. Sauti yake ikatulia.

"Dada, nipe shemeji. Nina la kumwuliza." Fundi akasogea karibu na simu. "Shemeji, mimi nasukuma kwa goti la kushoto, la kulia lina maumivu. Mwalimu wa chuo amenisaidia kukigeuza. Kumbe wako wengi wa kushoto kama mimi. Anasema tukiweke mtandaoni nasi, kwa masharti yaleyale. Sasa nataka niandike waliotangulia. Sitaki nikosee. Majina yenu niyaandikeje?"

Hakuna sifa aliyowahi kuandikiwa iliyomgusa Fundi Taratibu kama swali lile. Alimtazama mkewe, naye akamwashiria kwa kichwa ajibu.

"Anza na Mkono wa Bati," alisema. "Huyo kwanza. Alikuwa mshonaji, kama ninyi. Kisha andika Bi Pindo. Mimi nitafuata."